Allidina Visram: Tajiri Aliyekopesha Bidhaa Badala ya Fedha

Popote vijana wanapokutana katika Kaunti ya Kajiado, iwe Kitengela penye viwanda na majumba mapya, au Illasit mpakani chini ya Mlima Kilimanjaro penye biashara ya nyanya, vitunguu na maharagwe, swali moja halikosi kuulizwa: mtaji utapatikana wapi? Aliyemaliza kidato cha nne anauliza. Aliyefuzu chuo cha ufundi anauliza. Mwanamke anayepanga mafungu ya vitunguu kando ya barabara anauliza. Kila mmoja amesikia kuwa kuna hazina mahali fulani, kuna ruzuku ya wafadhili, kuna mkopo wa simu. Wala si wachache waliojaza fomu mpaka wino ukawaishia.

Swali hili si geni, na si la kizazi hiki peke yake. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita liliulizwa na maelfu ya vijana waliokuja katika pwani yetu wakiwa hawana kitu, na wengi wao walijibiwa na mtu mmoja. Jina lake bado limeandikwa juu ya lango la shule mashuhuri mjini Mombasa, ingawa wanafunzi wanaopita chini ya lango hilo kila asubuhi huenda hawajaambiwa alikuwa nani. Mtu huyo ni Allidina Visram. Maisha yake yanastahili kusomwa darasani, si kwa sababu alikuwa tajiri, maana matajiri ni wengi na wengine hawana la kutufunza, bali kwa sababu utajiri wake ulitokana na kuwaanzishia wengine biashara.

Allidina Visram alizaliwa takriban mwaka wa 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa Bara Hindi. Kutch ni nchi kavu, yenye mvua chache na njaa za mara kwa mara. Msomaji wa Illasit anayeijua kiangazi ya nyika ya Amboseli hana haja ya kuelezwa zaidi. Watu wa huko walizoea tangu kale kuabiri majahazi kwa pepo za kaskazi na kuja Zanzibar kutafuta riziki. Yeye alikuja mwaka wa 1863, akiwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili. Hakuwa na mali. Alichokuwa nacho ni watu: alikuwa wa jamaa ya Waismailia, na jamaa hiyo ilikuwa na desturi ya kumpokea mgeni wake, kumpa pa kulala, na kumtafutia kazi kwa mwenye duka.

Kazi aliipata Bagamoyo, katika biashara ya ukoo wa Paroo, ambao baadaye ulivuma kwa jina la Sewa Haji Paroo. Bagamoyo ya siku hizo ilikuwa lango la bara. Misafara ya mamia ya wapagazi iliondoka hapo ikibeba vitambaa, shanga, chumvi na nyaya za shaba, ikaenda hadi Tabora na Ujiji, na kurudi baada ya miezi mingi, pengine miaka, ikiwa imebeba pembe za ndovu. Kijana Allidina aliingia katika shughuli hiyo kupitia mlango wa nyuma: kufagia, kupima, kufungasha mizigo, na kuandika. Huo ndio uliokuwa mtaji wake wa kwanza. Kabla hajaikamata rupia iliyo yake, alikwisha kujua ni kitambaa gani kinachopendwa Unyamwezi na kipi kitarudishwa, ni shanga za rangi gani zinazokubaliwa mwaka huu ambazo mwakani zitadharauliwa, na ni mtu gani akiahidi hutimiza.

Hapana budi tueleze jinsi mikopo ya zama hizo ilivyokwenda, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Hapakuwa na benki ya kumkopesha mtu mdogo. Kampuni za Ulaya na Marekani zilizokuwa na maghala Zanzibar, pamoja na wafanyabiashara wakubwa wa Bombay, ziliwapa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar bidhaa kwa ahadi ya kulipa baadaye. Matajiri hao nao waliwapa wenye misafara. Taria Topan, tajiri mkubwa wa Zanzibar, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip bidhaa za misafara yake ya Kongo. Hivyo kitambaa kimoja kingeweza kuwa kimekopwa mara tatu au nne kabla ya kuvaliwa na mtu wa Ujiji. Deni lilikuwa mnyororo, na kila pete ya mnyororo huo ilikuwa jina la mtu. Jina likivunjika, mnyororo wote ulitikisika.

Haki nayo isemwe. Biashara ile haikuwa safi. Pembe za ndovu zilipatikana kwa kuangamiza wanyama, na misafara mingi ilishirikiana na biashara ya utumwa au ilipita katika njia zilizofunguliwa na utumwa huo. Wapagazi walikufa njiani kwa maradhi na uchovu, na majina yao hayakuandikwa katika daftari lolote. Mwalimu anayefundisha habari za Allidina Visram asilifiche jambo hili, kwani mwanafunzi anayefundishwa nusu ya ukweli hujifunza kudharau nusu ya pili.

Baada ya kutumika kwa miaka kadhaa, Allidina alianza kutuma misafara yake mwenyewe na kufungua matawi: Dar es Salaam, Sadani, hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Sewa Haji alifariki mwaka wa 1897, akiwa ameacha mali nyingi kwa manufaa ya umma. Mpaka leo mgonjwa anayelazwa katika hospitali ya Muhimbili anaweza kujikuta katika jengo la Sewahaji. Allidina ndiye aliyeirithi nafasi yake kama kinara wa biashara ya misafara. Mtu mwingine angaliridhika hapo. Lakini yeye alitazama upande wa kaskazini, akaona kwamba zama za mpagazi zilikuwa zikifikia ukingoni.

Mwaka wa 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa. Ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mwishoni mwa 1901 ikafika Kisumu kwenye Ziwa Viktoria, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 kati yao walikufa kabla kazi haijaisha. Watu wote hao walihitaji unga, mchele, dengu, chumvi, sukari na nguo. Wakati A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara mwingine mashuhuri, alipokuwa akipata kandarasi kubwa za reli hiyo, Allidina alipanda maduka kando ya njia, kituo baada ya kituo. Reli ilipofika ziwani, yeye alikwisha kutangulia. Alikuwa na biashara Kampala, alikuwa na mashua ziwani, na maduka yake yalikuwa yakisambaa Jinja, Entebbe na vijiji ambavyo havikuwa vimeona duka tangu kuumbwa kwa ulimwengu.

Msomaji atauliza: mtu mmoja aliwezaje kuendesha maduka mengi kiasi hicho, bila simu, bila gari, mahali ambapo barua ilichukua wiki nyingi? Jibu ni kwamba maduka mengi hayakuwa yake kwa maana tunayoielewa leo. Yalikuwa ya watu aliowaanzishia.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kijana aliyetoka Gujarat au Kutch aliteremka Mombasa akiwa na bahasha ya barua kutoka kwa jamaa yake. Hakupewa mkopo. Alipewa kazi. Alikaa dukani mwaka mmoja, miwili au mitatu, akilala nyuma ya magunia, akila chakula cha nyumba na kupata ujira mdogo. Katika muda huo alijifunza Kiswahili na lugha ya mahali, akajifunza kupima, kuandika hesabu, kununua ngozi, ufuta, njugu, nta na pilipili kutoka kwa wakulima. Mwenye duka naye alikuwa akimsoma: je, anaamka mapema? Je, anachovya mkono katika sanduku la fedha? Je, mteja akija na sarafu moja humhudumia kwa heshima sawa na aliyekuja na kumi?

Aliyefaulu katika mtihani huo wa kimyakimya alipewa shehena ya bidhaa: marobota ya vitambaa, magunia ya chumvi, sukari, mafuta ya taa, viberiti, majembe. Hakupewa fedha taslimu, bali bidhaa, tena bidhaa ambazo mkopeshaji alikwisha kujua kuwa mahali fulani zinatakiwa. Alielekezwa mahali pa kwenda, mbali na duka lililokuwapo ili wasigombee wateja. Hakudaiwa hati ya shamba wala ya nyumba, kwa kuwa hakuwa nayo. Dhamana yake ilikuwa jina lake, jina la baba yake, na jamaa iliyomleta. Akitoroka na mali, habari zingemtangulia Zanzibar, Bombay na hata kijijini alikozaliwa, na hapangekuwa na wa kumwamini tena.

Na malipo je? Yalifuata mwendo wa mazao. Wakati wa mavuno mwenye duka dogo alinunua ufuta, ngozi au pamba, akaituma kwa Allidina, ikahesabiwa katika deni lake, naye akatumiwa bidhaa nyingine. Hivyo mkopeshaji alifaidika mara mbili: kwa bidhaa alizouza na kwa mazao aliyopokea. Mkopaji naye alifaidika mara mbili: alipata mali ya kuuza na soko la uhakika la alichokinunua. Deni halikuwa kamba shingoni mwa mtu mmoja, lilikuwa njia yenye magari yaendayo na yarudiyo. Mwenye kuanguka kwa ukame au kwa kuunguliwa na duka aliweza kupewa shehena ya pili, endapo daftari lake lilionyesha kwamba alianguka kwa bahati mbaya na si kwa ubadhirifu. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na katika mfumo ule daftari ndilo lililomtenga mkosefu na mwenye mkosi.

Allidina hakubaki katika kuuza na kununua. Alianzisha viwanda vya kuchambulia pamba, vya kukamulia mafuta na vya sabuni, akawa na karakana za samani na mashamba. Katika Uganda alikuwa na nguvu kiasi kwamba watu walimhesabu kama mfalme asiye na taji, na hata wakuu wa serikali ya kikoloni walimtegemea kwa usafirishaji na kwa fedha za kubadilisha. Rupia iliposhika nafasi ya kauri katika masoko ya bara, maduka haya ndiyo yaliyoifikisha mikononi mwa mkulima wa kawaida.

Lakini hapa ndipo penye doa linalotuhusu sisi zaidi, nalo halifutiki kwa sifa. Mnyororo ule wa kuaminiana ulikuwa na ukuta. Mwafrika aliufikia kama mteja, kama mpagazi, kama mkulima wa pamba na mwuzaji wa ngozi, lakini ni nadra kuufikia kama mkopaji wa shehena. Hakuwa na jamaa ya kumdhamini Bombay. Hakupewa nafasi ya kulala nyuma ya magunia na kujifunza daftari. Mtoto wa Kimaasai au wa Kikamba aliyeajiriwa dukani alibeba mizigo kwa miaka kumi na kuondoka akiwa mbebaji.

Isitoshe, serikali ya kikoloni iliuongezea ukuta huo urefu kwa sheria. Tanganyika ilipitisha sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji mwaka wa 1923. Kenya nayo ilikuwa na sheria ya namna hiyo, ambayo kikomo chake kilichojulikana sana kilikuwa shilingi 200: mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya kiasi hicho bila kibali hakuweza kumdai mahakamani. Ilielezwa kwamba sheria hizo zilikusudiwa kumlinda Mwafrika asimezwe na madeni. Huenda baadhi ya waliozitunga waliamini hivyo. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa kwamba mfanyabiashara wa Kiafrika alilazimika kununua kwa fedha taslimu, wakati jirani yake alinunua kwa ahadi. Wawili wakishindana, mmoja akiwa na miguu yote na mwingine amefungwa mmoja, hatuna haja ya kumwita mwamuzi. Kizazi kizima cha babu zetu kiliambiwa kuwa Mwafrika hajui biashara, ilhali mlango wa shule ya biashara ulikuwa umekomewa kwa ndani.

Allidina Visram alifariki mwaka wa 1916, Vita Kuu vya Kwanza vikiwa bado vinaendelea. Mwanawe, Abdulrasul, alimjengea ukumbusho uliomfaa: shule ya sekondari ya Mombasa iliyofunguliwa miaka ya mwanzo ya 1920 na inayobeba jina la babake hadi leo. Abdulrasul naye hakuishi sana. Alifariki mwaka wa 1923. Baada ya hapo milki ile kubwa iliporomoka katika muda mfupi wa kushangaza. Maduka yaliuzwa, madeni hayakudaiwa yakadaiwika, viwanda vikaingia katika mikono mingine. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo mitikisiko ya bei na sarafu baada ya vita. Lakini moja haifichiki: kila kitu kilikuwa kimeegemea kichwa na jina la mtu mmoja. Imani yote iliyokuwa imejengwa kwa nusu karne haikuwa imewekwa katika chombo kinachoweza kuishi baada ya mwenyewe. Alichokijenga kwa matofali, yaani shule, kingali kimesimama. Alichokijenga kwa kumbukumbu zake binafsi kilizikwa pamoja naye.

Haya yana uhusiano gani na Illasit? Yana uhusiano mkubwa. Kwanza, wenyeji wa sehemu hiyo si wageni wa biashara ya misafara. Misafara ya kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa ikipumzika na kununua chakula Taveta, kisha ikaizunguka miteremko ya Kilimanjaro na kupenya nchi ya Wamaasai. Leo malori ndiyo misafara. Nyanya na vitunguu vya mashamba ya umwagiliaji ya Kimana na Rombo huelekea Nairobi na Mombasa. Mahindi, maharagwe na ndizi huvuka kutoka upande wa Tanzania. Mifugo hupelekwa minadani. Biashara ipo. Kinachokosekana ni ule mnyororo wa kumwingiza kijana ndani yake.

Si kwamba taifa halikujaribu. Katika miaka ya 1950 palikuwa na bodi za mikopo za wilaya kwa wafanyabiashara wa Kiafrika. Baada ya Uhuru, Shirika la Biashara la Taifa, KNTC, liliundwa mwaka wa 1965 ili kuwapa wenyeji nafasi ya kusambaza bidhaa, na shirika la ICDC likawakopesha waliotaka kununua maduka. Katika karne hii zimekuja hazina moja baada ya nyingine: ya vijana mwaka wa 2006, ya wanawake mwaka wa 2007, Uwezo mwaka wa 2013, na Hazina ya Hustler iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba, 2022. Hii ya mwisho ilipoanza ilitoa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa simu, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ya kulipwa ndani ya siku 14.

Nia ya hazina hizi ni njema, nasi hatuwezi kuibeza. Hata hivyo, tukizipima kwa kipimo cha Allidina, tunaona upungufu wake waziwazi. Zinatoa fedha kabla ya kutoa kazi. Zinampa mtu sarafu, lakini hazimpi soko. Siku 14 zinamfaa mchuuzi anayenunua asubuhi na kuuza jioni. Hazimfai mkulima wa nyanya anayesubiri takriban miezi mitatu kabla ya kuchuma. Na kwa kuwa anayekopesha hamjui anayekopeshwa, wengi wamezichukua fedha hizo kama ruzuku na hawakurejesha. Kukopa harusi, kulipa matanga. Tena kila asiyelipa humfungia mlango mwenzake anayekuja nyuma, kwani hazina isiyorudishiwa haina cha kumpa mwingine.

Upande mwingine wa Kajiado una kilio chake. Baada ya sheria ya mwaka wa 1968 kuanzisha ranchi za pamoja, na ranchi hizo kugawanywa baadaye, familia nyingi zilipata hati za ardhi kwa mara ya kwanza. Zikaambiwa kwamba hati ni ufunguo wa mkopo. Ni kweli ilikuwa ufunguo, lakini kuna waliofungua mlango kisha wakaupoteza ufunguo na nyumba yenyewe. Mtu aliweka rehani ardhi ya ukoo ili apate mtaji wa biashara asiyoijua, biashara ikafa, ardhi ikauzwa. Kule Kitengela malisho yamegeuka mitaa, na wapo wanaopita kando ya ua la jirani wakikumbuka kwamba hapo ndipo ng'ombe wa babu yao walipolala. Allidina hakumwekea kijana wake rehani ya ardhi. Alimwekea rehani ya tabia, kisha akampa kiasi ambacho hata kikipotea hakitamwangamiza yeye wala ukoo wake.

Basi tufanyeje? Nina rai nne, nazo naziweka mbele ya walimu hasa, kwa kuwa wao ndio wanaomfikia kijana kabla hajamfikia mkopeshaji.

Ya kwanza ni kwamba kazi itangulie mkopo. Kijana wa Illasit anayetaka kuuza vifaa vya kilimo asianze kwa kutafuta fomu. Aanze kwa kutafuta duka la kujifunzia, hata kwa ujira mdogo, kwa msimu mmoja au miwili. Atajifunza mbegu gani hununuliwa mvua zikikaribia, nani hukopa na kulipa, nani hukopa na kuhama. Wazazi wasione haya mtoto aliyesoma akifagia duka. Anayesoma biashara kwa jasho la wengine halipi karo.

Ya pili ni daftari. Somo la biashara lisiishie katika kujibu mtihani. Mwanafunzi wa sekondari aweze kuandika, kwa muda wa mwezi mmoja, mapato na matumizi ya genge la mamake, na kumwonyesha faida iko wapi. Daftari la miezi sita ni hati yenye nguvu kuliko barua ya chifu, maana linamwonyesha mkopeshaji, awe benki au Sacco, jinsi mkono wa mtu huyo unavyoshika mali.

Ya tatu ni kukopesha bidhaa. Vyama vya ushirika, Sacco na hata hazina za serikali za kaunti vinaweza kuiga utaratibu wa shehena: pembejeo kwa mkulima, magunia kwa mchuuzi, cherehani kwa fundi, malipo yakifuata mavuno au mauzo. Bidhaa haipotei jioni moja kama fedha. Aidha, tangu mwaka wa 2017 Kenya ina sheria inayoruhusu mali inayohamishika, ikiwa ni pamoja na mifugo na mazao, kuandikishwa kuwa dhamana. Kwa mfugaji wa Kajiado hili si jambo dogo. Ng'ombe wawili wanaweza kubeba mkopo mdogo, na shamba la ukoo likabaki shamba la ukoo. Wanasheria na walimu na wamweleze habari hii kwa lugha anayoielewa.

Ya nne ni kujenga chombo kitakachowazidi waanzilishi umri. Jamaa ya Allidina ilimdhamini mgeni asiye na kitu, na hilo ni jambo jema la kuiga. Lakini ilimdhamini wa kwao tu, na milki yake ikafa na ukoo wake. Chama cha watu ishirini wanaoweka akiba kila wiki, wenye katiba, vitabu vinavyokaguliwa na uongozi unaobadilishwa, kinaweza kufanya wema wa jamaa ile bila ukuta wake: Mmaasai, Mchagga, Mkamba na Mkikuyu wa Illasit wakadhaminiana kwa sababu wanafahamiana sokoni, si kwa sababu walizaliwa mlango mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa kwa mikono ya wengi hakimwagiki mmoja akifariki.

Kuhusu ruzuku, neno moja linatosha. Ruzuku ni mvua. Ikinyesha, ipokewe kwa shukrani, ikinge mitungi na kunywesha mifugo. Lakini mfugaji mwenye busara hachagui makao yake kwa kuhesabu mvua isiyokuja. Anachimba kisima. Kijana anayekaa miaka mitano akingoja mfadhili amepoteza kitu ambacho mfadhili hawezi kumrudishia.

Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeteremka pwani mwaka wa 1863 hakukuta hazina iliyokuwa ikimngoja. Alikuta mtu aliyekuwa tayari kumfunza, kumtazama, na kumwamini kidogo kidogo. Alipokua, naye akawafanyia wengine vivyo hivyo, ingawa aliwasahau walio wengi waliokuwa mlangoni pake. Sisi tunayo nafasi ya kufanya alichofanya na kutimiza alichokiacha. Mwenye duka Illasit ambaye ana gunia la ziada, na anamjua kijana mwaminifu aliyemtumikia mwaka mzima, asimwambie aende Nairobi kutafuta mtaji. Ampe gunia lile, waandikiane, na ampangie siku ya kulipa. Kijana naye ailipe siku hiyo, ili gunia lipate kumfikia anayefuata.